Vifaa vya kupimia umeme wa gari nyumbani: nunua mita kwanza, mashine ya kusoma kodi za hitilafu itafuata

Gari langu ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1.3, na linalala nje hapa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari unafika kila jioni. Wanaokaa pwani wanajua chumvi inavyofanya kazi: bati linaliwa, bawaba zinaliwa, na waya wa gari nao unaliwa. Tofauti ni kwamba waya unaliwa kwa ndani, chini ya ganda lake, na kwa nje unauona mzima. Ugonjwa huo ndio ulionifundisha kununua vifaa. Nataka kueleza nilivyonavyo, sababu za kuvichagua, na hasa kipi kinunuliwe kwanza, maana wengi huanza na mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na gari, halafu hununua spea ambazo gari halikuzihitaji.

Mimi nilianza hivyohivyo. Taa ya chekinjini iliwaka, gari likawa halina nguvu kwenye mlima na linatetema likisimama. Gereji wakachomeka mashine, ikatoka kodi P0102. "Mwalimu, sensa ya hewa imekufa," fundi akaniambia, yaani ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Nikanunua sensa ya mtumba kwa shilingi 60,000. Taa ilizima siku mbili, ya tatu ikawaka. "Hiyo nayo mbovu, Mwalimu. Mtumba ni bahati tu." Nikanunua ya pili.

Sasa, P0102 haisemi kwamba sensa imekufa. Herufi P ni upande wa injini na gia. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba kodi hiyo ni ya magari yote, si ya kiwanda kimoja. Zilizobaki zinasema kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, inaona ishara ya sensa ya hewa iko chini kuliko inavyotakiwa, basi. Ishara inaweza kuwa chini kwa kuwa sensa ni mbovu kweli, au umeme haufiki kwenye sensa, au athi yake, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, imelegea, au waya wa ishara umekatika njiani. Mashine imekufikisha mtaani. Nyumba lazima uitafute mwenyewe, na nyumba hutafutwa kwa mita, ile ya kupimia volti na ampia, na taa.

Jumapili moja nikakaa na gari mwenyewe. Nikavua soketi ya sensa, nikawasha swichi bila kupiga stata, nikapima waya unaoleta umeme: volti 12.3. Nikasema umeme upo. Kisha nikaunga taa ndogo ya wati 5, ile ya parking, kati ya waya uleule na athi. Taa ikawa nyekundu tu kama kaa linalozimika, na mita niliyoiacha pale ikashuka kutoka 12.3 hadi 6. Nikaufuata waya kwa vidole kurudi nyuma, hadi pale fungu la nyaya linapopinda karibu na betri. Sehemu moja ilikuwa laini, inapinda kama uzi. Nilipochana ganda lake nilikuta shaba imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki zinagusana kwa kubahatisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mita peke yake ilinidanganya. Mita nzuri hainyonyi umeme wowote wa kutajika, kwa hiyo hata uzi mmoja mbovu unatosha kuionyesha volti kamili. Taa inakula umeme, na waya uliooza hauna wa kuipa. Ukitaka kujua waya mzima ni upi, upe kazi.

Mita

Mita yangu ya kwanza ilikuwa ile ya njano ya bei ndogo inayouzwa kwenye kila duka la redio. Volti inasoma vizuri, siikatai. Lakini tazama tundu lake la ampia 10: nyingi zimeandikwa UNFUSED, yaani tundu hilo halina fyuzi. Ukisahau ncha ya mita kwenye tundu hilo ukaenda kugusa betri ili upime volti, umepiga shoti. Betri ya gari hutoa mamia ya ampia bila kusita, na kitakachoungua kitakuwa mkononi mwako. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni fyuzi kwenye tundu la ampia. Muombe muuzaji afungue mgongo wa mita uione fyuzi kwa macho. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa.

Sharti la pili ni ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Mita nyingi za bei ndogo zina megaomu 1, na kwenye nyaya za sensa tofauti hiyo inatosha kukupa tarakimu isiyo ya kweli.

La tatu ni mlio, ule unaolia mita ikikuta waya haujakatika. Weka mita kwenye alama ya mlio, gusanisha ncha mbili haraka haraka. Mlio ulie na kukata papo hapo pamoja na mkono wako. Mita inayochelewa haitakusaidia unapotikisa fungu la nyaya kutafuta waya unaokatika na kurudi, kwa sababu waya utakata na kurudi kabla mita haijazinduka.

Halafu shika nyaya za mita zenyewe. Ziwe laini zinazolala, na ncha ziwe kali. Nyaya ngumu zinavuta mita inaanguka kwenye boneti kila ukigeuka. Yangu nilinunua kwa 70,000 na nina mwaka wa nne nayo.

Ukiona mita ya mdomo, ile inayokumbatia waya na kusoma ampia bila kukata kitu, usiinunue kabla ya kutazama alama iliyo kando ya herufi A. Kama kuna wimbi pekee, hiyo ni ya umeme wa nyumbani na kwenye gari itasoma sifuri. Unataka alama ya mstari mnyoofu wenye vistari vidogo chini yake, kwa sababu umeme wa gari ni wa upande mmoja.

Ukishakuwa na mita, jifunze vipimo vinne vitano kabla hujagusa kitu kingine. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inasoma karibu volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, na ikiwa 12.0 iko karibu na mwisho. Gari likiunguruma, altaneta nzima inaipandisha betri hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Wakati stata inazungusha injini, betri isishuke chini ya 9.6.

Kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, na kwa watu wa pwani ndicho chenye faida kuliko vyote, ni cha athi. Ncha nyeusi weka kwenye nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibanio. Ncha nyekundu bonyeza kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu mwingine apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, athi yako ina kutu mahali fulani kati ya betri na injini, na hakuna betri mpya itakayoiponya. Vua ile nati ya milimita 10 inayoshika waya wa athi, piga msasa chuma na tamino, yaani kipande cha chuma kwenye ncha ya waya, mpaka ving'ae, rudisha, kaza, paka grisi juu. Nimeona gari la jirani lililonunuliwa betri mbili ndani ya mwaka mmoja likawaka kwa msasa wa shilingi 500.

Kupima kinachokula betri usiku: mita iingie kwenye tundu la ampia, na ikae katikati, kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Funga milango, subiri kama nusu saa kontroboksi zote zilale. Chini ya milliampia 50 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka tarakimu ianguke. Na mita ikiwa imekaa hivyo usipige stata hata kwa bahati mbaya, maana fyuzi ya mita itakwenda.

Taa ya kupimia

Unaweza kuinunua, ile yenye umbo la bisibisi na kibanio. Mimi nimejitengenezea: balbu ya wati 5 ya gari, kishikio chake cha mtumba, nyaya mbili za nusu mita, kibanio upande mmoja, msumari uliochongwa upande wa pili. Balbu hiyo inakula takribani ampia 0.4, mzigo unaofaa kwa kupima nyaya ndogo. Ninayo nyingine ya wati 21, ya breki, inayokula karibu ampia 1.75, kwa nyaya nene kama za honi, feni na pampu ya mafuta. Taa ya LED haifanyi kazi hii. Inawaka kwa umeme mdogo mno, itakudanganya kama mita ilivyonidanganya.

Taa hizi usiziguse popote. Soketi na nyaya za njano zilizo kwenye usukani na chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa, na umeme mdogo unaweza kuulipua mfuko usoni pako. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi ni umeme mkubwa wa kuua, ziache kabisa. Na nyaya za ishara zinazoingia kwenye kontroboksi pima kwa mita, maana taa itaikokota kontroboksi umeme isioweza kuutoa. Taa ni ya nyaya zinazoleta umeme kutoka kwenye fyuzi na rilei, na za athi.

Swali linalofuata ni namna ya kuufikia waya ambao uko ndani ya soketi iliyofungwa. Mafundi wengi hutoboa ganda kwa ncha ya mita. Usifanye hivyo, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja. Tundu hilo dogo ndilo mlango wa chumvi, na baada ya miezi utarudi palepale. Mimi naazima pini za ushungi za mke wangu, zile nyembamba zenye kichwa cha rangi. Unaingiza pini kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya, taratibu, mpaka uhisi imegusa tamino. Unapima kwenye kichwa cha pini huku soketi imechomekwa na gari linaunguruma. Usiingize pini kwa mbele, utatanua tamino ya kike isishike tena, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya.

Mashine ya kodi

Sasa mashine. Tundu lake liko chini ya dashibodi upande wa dereva, lina nafasi 16. Marekani walililazimisha kwenye magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwenye magari ya petroli kuanzia 2001. Magari yetu mengi yametengenezwa kwa soko la Japani, ambalo lilikuwa na taratibu zake. Kwa hiyo tundu ni lilelile, lugha inaweza kuwa nyingine. Ndiyo maana kijidude cha bluutuu kinachosoma gari la rafiki yako kinaweza kukaa kimya kwenye lako.

Vijidude hivyo vingi vimeandikwa ELM327. Jina hilo ni la chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, lakini vingi vinavyouzwa ni nakala, na nakala hizo mara nyingi zimekatwa zile lugha za zamani ambazo gari la 2004 linazitumia. Cha kwanza nilichojaribu kiliwaka taa zake zote vizuri na hakikuongea na IST hata neno moja. Kwa hiyo sharti la mashine ni moja, linazidi jina na rangi ya boksi: nenda dukani na gari, au kubaliana kwa maneno kwamba utairudisha isipoongea. Mimi niliishia na mashine ya mkononi yenye waya wake na kioo kidogo, haihitaji simu wala betri, inakula umeme wa gari lenyewe.

Iwe inaonyesha data za moja kwa moja, si kodi tu. Kodi inakuambia kilichotokea. Data inakuonyesha kinachotokea ukitikisa waya. Ukiwa na tarakimu ya sensa ya hewa mbele yako, mwenzako akapindapinda fungu la nyaya, na tarakimu ikaanguka sifuri, umeshafika. Pia iwe inahifadhi hali ya injini kodi ilipoingia: mwendo, joto, mizunguko. Andika yote hayo kwenye daftari kabla ya kufuta kodi. Wengi wanafuta kwanza, na kwa kufuta wanapoteza ushahidi.

Kama fedha ya mashine haijapatikana, Toyota nyingi za Japani za umri huu zinasoma kodi kwa kipande cha waya. Tazama tundu la nafasi 16, upande mpana juu: safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Zima swichi, unganisha 4 na 13. Ya 13 haiko chini ya 4 moja kwa moja. Iko chini ya 5, na hapo ndipo watu hukosea. Kaa mbali na 16 kwa sababu ni chanya ya betri moja kwa moja, na 4 ni athi. Washa swichi, usipige stata, uhesabu taa ya chekinjini inavyopepesa: tatu, kituo, moja, ni 31. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kodi.

Waya, koleo na kuunga

Hapa ndipo ninaposikitika zaidi ninapofungua magari ya watu. Waya umesokotwa kwa vidole ukazungushiwa tepu nyeusi. Tepu inayeyuka gundi kwa joto la injini, inateleza, shaba inabaki wazi, na mwaka mmoja baadaye ni kijani.

Nunua koleo la kubania tamino lenye racheti, lile ambalo halifunguki mpaka limebana kikamilifu. Plaizi ya kawaida inabonyeza tu. Tafuta lenye meno ya kubania tamino tupu za shaba, zile za mbawa mbili: moja inashika nyuzi, nyingine inashika ganda. Kuunga waya kwa waya natumia bomba dogo la shaba, halafu kimpira kinachosinyaa kikipata moto, kile chenye gundi ndani. Kikisinyaa utaona gundi inachungulia pande zote mbili. Hapo maji hayaingii. Kumbuka kukivalisha waya kabla ya kubana.

Kuhusu kuchomea kwa risasi, najua mafundi redio hawatakubaliana nami. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa kijiti, na penye mtikisiko kijiti kinavunjika pale risasi inapoishia. Naitumia ndani ya kabini tu. Kwenye injini, ni kubana.

Waya wenyewe uchague kwa kisu. Kwangua uzi mmoja: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Pima na unene. Waya wa sensa na taa ndogo, milimita za mraba 0.85 inatosha, wa feni au taa kubwa nenda 2 na kuendelea. Usiongeze fyuzi ili isikatike. Nyekundu ni ampia 10, buluu 15, njano 20, kijani 30, na kila moja imewekwa kulinda waya ulio nyuma yake. Rangi za waya ufuate za kiwanda ukiweza. Kwenye Toyota mweupe wenye mstari mweusi karibu kila mara ni athi, na kwenye mchoro herufi L ndiyo buluu, B ni nyeusi.

Kwenye IST nilikata sentimita 15, nikarudi nyuma mpaka nikakuta shaba yenye rangi ya shaba. Kama bado ni nyeusi, endelea kukata, kwa kuwa tamino haiwezi kushika kutu. Nikaunga kipande kipya, nikavuta kwa nguvu ya mkono kila upande, nikapasha vimpira. Nikarudia kipimo kilekile: taa ya wati 5 ikawaka nyeupe, mita ikabaki 12.2. Nikachomeka sensa ya asili, nikafuta P0102, na haijarudi.

Sensa mbili za mtumba zilibaki kabatini. Miezi michache baadaye kijana wa jirani alikuja na Vitz yake. "Shikamoo Mwalimu, wameniambia ni sensa ya hewa." Tukapima kwanza. Umeme ulifika, na taa ikawaka kwa nguvu. Athi safi. Waya wa ishara ulilia mlio kutoka soketi hadi kontroboksi, tukiutikisa njia nzima. Yake ilikuwa imekufa kweli. Namba za spea zilikuwa zilezile, nikampa moja.